Waya Mpya wa Shemeji Mwishehe

Shemeji yangu Mwishehe Pazi ana masikio. Sisemi masikio kama haya yetu ya kusikilizia adhana na kelele za wauza samaki, hayo kila mtu anayo. Yake ni masikio ya kitaalamu. Alituambia mwenyewe, na wala hakutuambia mara moja.

Amezaliwa Kinondoni, na ugonjwa huu kaurithi. Baba yake alikuwa na santuri na spika mbili za bomba, akikodishwa kwenye harusi za mtaa mzima, na Mwishehe ndiye aliyekuwa akibeba sahani za muziki kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Alipokua akapata kazi ya uwakala wa forodha bandarini, akamposa dada yangu Raudha, na sie ndugu tukafurahi kwamba tumepata bwana mtulivu. Picha za harusi bado zipo. Dada yangu yuko jukwaani kapambwa, hina mpaka kwenye viwiko, na pembeni yake kiti kitupu. Bwana harusi naye yupo, ila anaonekana mgongo tu: kainama nyuma ya mashine ya wapiga taarab, anawarekebishia besi.

Walipohamia Goba, juu ya kile kilima ambacho bajaji hupanda kwa kuomba dua, Mwishehe alijenga sebule kwanza. Raudha alipikia chini ya bati uani misimu miwili ya mvua, lakini sebule ilikuwa na mazulia sakafuni, mazulia ukutani na mapazia mazito ya kuzuia mwangwi. Katikati kukawekwa kiti kimoja cha ngozi, mahali pekee ambapo, kwa maelezo yake, sauti za spika mbili zinakutana sawasawa. Kiti hicho ni chake. Mgeni anakaa popote panapobaki, anasikia chochote kinachobaki.

Sasa kama mwaka mmoja hivi uliopita, muziki ukaharibika.

"Najma, wewe husikii?" aliniuliza Jumamosi moja nilipokwenda kuwatembelea. Alikuwa ameweka rekodi yake anayoipenda kuliko zote, ya orkestra moja ya zamani ya Unguja. "Zamani nilikuwaga nawaona wote. Mpiga fidla kule, wa kanuni na nyuzi zake hapa, waitikiaji nyuma. Siku hizi wamerundikana pamoja kama wamebanwa mlangoni."

Nikamwambia labda amechoka na kazi. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayejitibu kwa majani.

Mtu mwingine angefikiri mengi. Mwishehe akampigia simu Gibson.

Gibson anauza vifaa vya muziki mjini, lakini usije ukamwita muuzaji. Yeye ni mshauri wa sauti. Anavaa koti hata Januari, anasema polepole, na kila sentensi anaimalizia kwa kufumba macho. Alifika Goba, akamwamkia Raudha shikamoo ya adabu kabisa, akasikiliza orkestra kwa muda mfupi, kisha akainuka na kupiga magoti nyuma ya mashine. Alipotoka huko uso ulikuwa wa msiba.

"Mzee wangu," akasema, "tatizo ni waya wa dijitali."

Hapa nieleze, maana na mie ilibidi nielezwe. Mwishehe ana mashine ya kusomea sidii, na pembeni yake ana kisanduku ambacho kazi yake ni kupokea zile tarakimu zilizosomwa na kuzigeuza kuwa sauti, ndipo sauti iende kwenye amplifaya na kwenye spika. Kati ya mashine na kisanduku kuna waya mmoja mfupi, usiofika hata urefu wa mkono. Uliokuwepo ni ule uliokuja bure ndani ya boksi. Waya huo, kwa mujibu wa Gibson, ndio uliokuwa unawabana watu wa Unguja mlangoni.

"Si ni tarakimu tu zinapita?" Raudha akauliza. "Tarakimu nazo zinachakaa?"

Gibson akafumba macho. "Mama, zinafika. Lakini zinafika zimechoka."

Ukaja waya wa kwanza, wa kupitisha mwanga mwekundu, mwembamba kama mrija wa juisi. Mwishehe akausikiliza wiki nzima, anachomoa huu, anachomeka ule, anarudi kwenye kiti mbio asisahau alichosikia. Hukumu: unang'aa mno. Ukaja wa pili, wa fedha. Huo nao ulikuwa mkavu. Sote tulioingia tulisimamishwa katikati ya sebule na kuulizwa, "Unasikia tofauti?" Mie nilijibu naisikia sana, kwa sababu chai ilikuwa bado haijaletwa.

Wa tatu ndio uliokuja kukaa. Mnene kama mkono wa mtoto mchanga, umevishwa soksi ya buluu iliyofumwa, na umechorwa mshale ili sauti isije ikapotea njia. Gibson alieleza kwamba haufai kugusa sakafu, unafyonza mtikisiko. Basi Mwishehe akaenda mpaka Mwenge kwa wachonga vinyago, akaagiza vigoda vidogo vya mpingo, vimechongwa miguu na kung'arishwa. Waya ukakaa kwenye vigoda. Wageni tukakaa kwenye mkeka.

Tena ulitakiwa uzoeshwe. Kwa siku kadhaa muziki ulipigwa tangu asubuhi hadi jioni na hakuna ruhusa ya kuzima, bwana mwenyewe yuko bandarini, Raudha anachambua mchele kwa fidla, anafua kwa fidla, analipia umeme wa luku wa kumfundisha kazi waya.

Wakati huohuo ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na jambo jingine, ambalo mie nililijua na mwenye masikio hakulijua.

Kila Ijumaa walikuwa wakiteremka na gari kwenda Kinondoni kumwona mama yetu. Mwishehe usukani, dada yangu pembeni yake. Na kila walipofika, Raudha alikuwa akishuka na macho mekundu.

"Nasema na mlango wa gari, Najma," alinieleza siku moja tukimenya mihogo. "Nimemwambia habari za mwanetu Twalib kufeli mtihani, kimya. Nimemwambia titi linaniuma, nataka kwenda kupima, kimya. Anatazama barabara kama dereva wa kukodi. Nikienda peke yangu nikarudi, haulizi."

"Ulipima?"

"Nilipima, si kitu, alhamdulillahi. Lakini alipaswa kuuliza."

"Na nyumbani je?"

"Nyumbani mara anajibu, mara hajibu. Akitaka. Mwanamume akifika hapo ujue ana mtu wa kumsikiliza mahali pengine."

Alikuwa ameshaamua. Hakupiga kelele, dada yangu si mtu wa kelele. Alianza kuhamisha nguo zake kidogo kidogo kwenda kwa shangazi yetu Chausiku huko Bunju, vitenge leo, baibui wiki ijayo, khanga za harusi baadaye. Kabati likawa linatoa mwangwi kuliko sebule ilivyowahi kutoa, na mtaalamu wetu akawa anapita mbele yake kila siku kwenda kusikiliza waya.

Aliyeleta balaa lote ni Albano. Albano ni jirani yao, mtu wa Newala, mwalimu wa kwaya kwenye parokia ya hapohapo, mpole, anayecheka na mabega. Mwishehe alimwita kumwonesha waya, Albano akausikiliza mpaka mwisho wa wimbo, akasema, "Jirani, mie sioni kilichobadilika."

Ungedhani katukana ukoo. Mwishehe akasema wanakwaya wamezoea kinanda cha betri, hawawezi kujua. Albano akacheka na mabega. Akasema basi tujaribu, lakini wewe usione ni waya gani umechomekwa. Wakapeana mikono, ikawa Jumapili ijayo baada ya misa.

Jumapili hiyo nikawahi kufika. Shuka la kitanda lilikuwa limetundikwa mbele ya mashine kutoka ukuta hadi ukuta, spika mbili tu zimebaki nje, moja kila upande. Nyuma ya shuka akawekwa Raudha, kwa kuwa yeye, alisema mumewe, hana maoni. Kazi yake ilikuwa kuchomeka waya wa boksini au ule wa buluu, kama apendavyo, na mumewe ataje ni upi. Gibson alikuwepo na koti lake, amekuja kulinda heshima ya sayansi. Albano alikaa na mie mkekani.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Mwishehe kafumba macho, kaachama kidogo kama mtu anayetolewa jino.

"Wa buluu," akasema. "Hata sihitaji kufikiri."

"Wa boksini," ikajibu sauti nyuma ya shuka.

Gibson akaeleza mara moja kwamba waya wa buluu ulikuwa bado na baridi, na baridi yake ndiyo iliyompotosha mzee. Kwamba waya wenyewe haukuwa umechomekwa hakuliona kuwa kizuizi.

Wimbo ukarudiwa. Mwishehe akasema wa buluu, na kweli ukawa wa buluu. Gibson akapiga makofi peke yake. Ukarudiwa tena, akasema wa boksini, ukawa wa buluu. Safari hii kosa lilikuwa la umeme wa Goba.

Mara ya nne tulisikia Raudha akijigonga na kusonya. Khanga yake ilikuwa imenasa kwenye kitu. "Tayari," akasema, na muziki ukaanza.

Ulianza nusu. Mie si mtaalamu, ila nilikuwa nimekaa karibu na spika ya kushoto, na spika ya kushoto haikuwa inasema chochote. Fidla zote zilikuwa zimeondoka. Kanuni na ngoma zilikuwa zinatoka kulia peke yake, kama redio ya jirani. Nikamtazama Albano. Albano akanitazama mie. Wote tukamtazama Mwishehe.

Alikuwa anatabasamu.

"Hapo!" akasema, na mkono wake ukapanda hewani taratibu. "Hapo sasa jukwaa limefunguka. Mnasikia? Huu ni wa buluu, naapa. Nawaona wote. Yule wa fidla kakaa palee, kushoto."

"Hapo sasa, mzee wangu," akasema Gibson, macho kayafumba kabisa. "Upana huo!"

Albano akakohoa. "Jirani, spika ya kushoto imezima."

"Acha wivu, Albano."

"Imezima. Nusu ya wanamuziki hawapo."

Mwishehe akafungua macho, akacheka, akatutazama mmoja mmoja aone nani anacheka naye. Gibson naye sasa alikuwa ameiangalia ile spika, akawa anafunga vifungo vya koti lake. Albano akainuka, akaweka kiganja mbele ya spika, akamwita. Mwishehe akaja, akainama, akageuza kichwa na kutega sikio la kulia. Akakaa hivyo. Akaigonga spika kwa kidole. Akatega tena.

"Imezima lini?" akauliza.

"Tangu wimbo uanze," nikasema mie. Na hapo kejeli zangu zote zikaniishia, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoijua.

Albano amepima sauti za watoto wa kwaya miaka mingi. Alizima muziki, akamsimamisha Mwishehe palepale, akamwambia azibe sikio la kulia kwa kidole na afumbe macho. Kisha akasogea kushoto kwake akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kusalimiana barabarani, "Mwishehe, nyumba yako inaungua."

Tukasubiri.

"Haya, sema basi," akasema Mwishehe.

Shuka likasogea, Raudha akatoka nyuma yake na waya wa buluu mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Baba Twalib," akasema, akajitahidi kuipandisha sauti. "Kwenye gari mie nakaa upande gani?"

Mwishehe akainua mikono yake miwili kama ameshika usukani, akaitazama, akageuza kichwa. "Kushoto," akasema.

Dada yangu akaketi sakafuni palepale alipokuwa. Akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kabla hakijaisha, akawa anafuta machozi kwa pindo la khanga, na Mwishehe kasimama juu yake haelewi kafanya nini, anasema, "Raudha, nini? Mama Twalib, nini?"

Gibson akaona asaidie. "Kusema kweli, mzee wangu," akasema, "kuna waya mwingine, huo hata kwa sikio moja..."

Albano akamshika mkono kwa upole akamtoa nje kumwonesha mandhari ya Goba.

Hospitali walikwenda kesho yake, na mie nikaenda nao, sikosi mambo kama hayo. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye hijabu ya kijivu. Akamulika ndani ya sikio, akasema "mh", akaita muuguzi naye aje aone. Wakamtilia matone, wakasubiri, wakasukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba, na kikatoka kitu cheusi, kikubwa kama kokwa ya tende. Daktari akakipasua kwa kibano. Ndani kulikuwa na pamba.

"Mzee, huwa unasafisha masikio na nini?"

"Vijiti vya pamba," akasema Mwishehe.

"Mara ngapi?"

Mwishehe akamtazama mkewe. Raudha akamjibia. "Kila akitaka kusikiliza muziki, daktari. Ili asikie vizuri."

Yule binti alijitahidi sana. Aligeuka akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaeleza kwamba nta ilikuwa inasukumwa ndani siku baada ya siku, kipande cha pamba kikakatikia humo, vikawa mfuniko kamili. Mwishehe akamwomba kwa adabu apunguze sauti.

Njiani kurudi alikuwa kama mtoto aliyeletwa mjini. Alishtuka na honi, akashtuka na pikipiki. Tulipokata kona akauliza, "Hiki kinacholia tiki tiki ni nini?"

"Indiketa," akasema Raudha. "Ipo tangu uliponunua gari."

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Albano alikuwa ameshaurudishia waya wa spika uliokuwa umechomolewa na khanga, na kati ya mashine na kisanduku kulikuwa na waya wa boksini, uliobaki hapo tangu Jumapili. Mwishehe hakuangalia ni upi. Aliweka rekodi ya Unguja, akakaa kitini. Mie nilikuwa mlangoni mwa jikoni. Nilimwona akishika mikono ya kiti.

"Raudha!" akaita. "Raudha, njoo. Kuna mwanamke anaitikia hapa upande wa kushoto."

"Yupo."

"Tangu lini?"

"Tangu walivyorekodi, Mwishehe."

Akasikiliza mpaka mwisho. Wimbo ulipokwisha hakuweka mwingine. Akamwuliza, bila kumtazama, alikuwa anamwambia nini mwaka mzima kwenye gari.

"Mengi."

"Anza."

Akaanza. Alianza na Twalib na mtihani wake. Alipofika kwenye titi lililokuwa likimuuma, Mwishehe akasema "Ya Rabi" na akashindwa kuendelea kukaa, akasimama. Akamwuliza alikwenda na nani kupima. Akamwambia peke yangu. Mie niliyekuwa nakaanga vitunguu nikazima jiko ili nisikose neno.

"Na kuna la mwisho," akasema Raudha. "Nguo zangu nusu ziko Bunju kwa shangazi."

"Zinafanya nini Bunju?"

"Zilitangulia."

Nilisikia funguo za gari.

Gibson alipiga simu wiki hiyohiyo kuuliza hali ya mzee na kutaja, kwa kupitia tu, waya wa umeme kutoka ukutani. Mwishehe alimsikiliza kwa sikio la kushoto, makusudi, kisha akamshukuru na kumwambia ushauri wake umefika, ila umefika umechoka. Usidhani kapona lakini. Juzi kanisimamisha katikati ya sebule, ananionesha mpira mpya aliouweka chini ya spika, ananiuliza kama nasikia tofauti.

Safari ya Bunju nilisimuliwa na dada yangu. Shangazi Chausiku hakuwauliza kitu. Aliwatandikia mkeka barazani, akaingia kufungasha zile nguo, na akachukua muda wake. Mwishehe akabaki na redio ya shangazi, redio kuukuu ambayo antena yake ni uma uliofungwa kwa uzi, inakoroma matangazo ya vifo na baadaye mpira. Raudha alisimama mlangoni akisubiri aanze kulalamika. Hakulalamika. Alikaa kainamisha kichwa upande huu, halafu upande huu, mpaka shangazi akatoka na mfuko, akauliza nani anaongoza.

"Timu ya ugenini," akasema Mwishehe, na akajisogeza mkekani ili Raudha apate nafasi ya kukaa.